Kitufe Kiseme "Nataka", Kisiseme "Mimi Taka"

Mtoto asiyeweza kusema wa Gisenyi, Rwanda, huzungukwa na lugha zaidi ya moja. Nyumbani anasikia Kinyarwanda. Mama akivuka mpaka wa Kongo pale Petite Barrière kwenda kuuza Goma, Kiswahili kinatawala. Kwa hiyo mzazi anayemtafutia mwanawe mwenye mtindio wa ubongo au usonji programu ya mawasiliano, ile inayotamka neno la kitufe chenye picha anachobonyeza mtoto, aulize kwanza: itasema kwa lugha ya nani?

Proloquo2Go, iliyotoka mwaka 2009, inasifiwa sana, lakini ni ya vifaa vya Apple tu na ni ghali. Cboard na LetMeTalk hupatikana bure kwenye simu za Android. LetMeTalk hutumia picha za ARASAAC, hazina iliyoandaliwa Aragón, Hispania. Kwa familia nyingi za Gisenyi, hizo za bure ndizo pa kuanzia.

Kazi kubwa huja baada ya kupakua programu. Programu nyingi zimejengwa juu ya Kiingereza, ambacho hutenganisha maneno. Ukitafsiri kitufe kimoja kimoja, mtoto atabonyeza mara tatu na simu itatamka "mimi taka maji". Nani nyumbani husema hivyo? Kiswahili na Kinyarwanda hubeba mtendaji, wakati na ukanushi ndani ya kitenzi kimoja. Basi andika neno zima kwenye kitufe: nataka, sitaki, ndashaka, sinshaka.

Sauti nayo ina uzito. Simu nyingi za Android zinaweza kusoma Kiswahili. Kwa Kinyarwanda, tafuta programu inayokubali kurekodi, kisha mwombe dada au rafiki wa rika lake ayatamke maneno. Binti wa miaka saba asizungumze kwa sauti ya mwanamume mzima.

Wazazi wengi hujaza ukurasa majina ya vyakula: ugali, maharage, isambaza. Mtoto mwenye ukurasa wa namna hiyo ataishia kuomba chakula tu. Mpe pia tena, ngoja, bado, nisaidie, inauma, twende. Kisha usivihamishe vitufe. Kidole hukariri mahali, kama mpishi anavyoufikia mkebe wa chumvi gizani. Ukurasa ukimzidi, ficha baadhi ya vitufe na uvifungue polepole palepale vilipo.

Usimwachie simu peke yake. Unaposema "twende", gusa twende naye akiona, maana hakuna mtoto aliyejifunza lugha ambayo hakuwahi kuiona ikitumika. Mwalimu na watoto wa jirani waufahamu ukurasa huohuo. Uchapishe pia kwenye karatasi, kwa siku ambayo chaji imekwisha au mnakwenda ziwani.

Wengine huogopa kwamba picha zitamfanya mtoto awe mvivu wa kusema. Mwaka 2006, watafiti Millar, Light na Schlosser walipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu suala hilo. Kati ya watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara, hakuna aliyepungukiwa usemi, na asilimia 89 waliongeza, ingawa kwa wengi lilikuwa ongezeko dogo.

Anza leo na kitufe cha kukataa. Siku atakayobonyeza sinshaka mbele ya sahani, iondoe, hata kama umepika kwa taabu. Hapo ndipo atakapojua kuwa neno lake linasikilizwa, na atakuwa na sababu ya kutafuta la pili.