MAFUTA YA INJINI YAIFAAYO MOTOKAA MPYA

Mwenye motokaa mpya aipelekapo kwa fundi kwa mara ya kwanza ili mafuta ya injini yabadilishwe, aghalabu huulizwa swali moja tu: "Tutie oili gani, bwana?" Wengi hujibu, "Tia ile nzuri," kisha huketi kivulini kungoja. Jibu hilo ni la adabu, lakini limewagharimu watu fedha nyingi, kwa sababu hakuna mafuta yaliyo mazuri kwa kila injini. Yako yaifaayo hii, na yako yaifaayo ile.

Katika Kenya jambo hili lina uzito wa pekee. Motokaa nyingi tuziitazo mpya ni mpya kwa mnunuzi tu. Zimekwisha kutumika Japani, nazo huteremshwa Mombasa kwa sharti kwamba umri wao usizidi miaka 8. Kitabu cha maelezo, kama kimo, kimeandikwa kwa Kijapani. Basi mnunuzi, ambaye labda ni mwalimu aliyechukua mkopo wa chama cha ushirika utakaomchukua miaka minne kuulipa, hana wa kumwuliza ila fundi wa mtaani. Fundi huyo hutazama mafuta yenye namba 0W-20, akayamimina kidogo kidoleni, akasema: "Haya ni maji matupu. Kwetu kuna joto, tia 20W-50." Hasemi uongo, asema aliyoyaona katika injini alizojifunzia kazi. Lakini injini iliyo mbele yake siyo ile.

Yafaa kwanza tueleze maana ya namba hizo. Utaratibu wa kuyapanga mafuta kwa uzito wa mwendo wake ulitolewa na chama cha wahandisi wa motokaa wa Marekani, SAE, mwaka 1911, nao umerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Uzito huo si ule wa mizani. Ni ule utofautishao uji na chai vinapomiminwa. Namba ya pili, kama vile 20, 30, 40 au 50, hupimwa mafuta yakiwa na joto la sentigredi 100, yaani karibu na joto la injini iliyo kazini. Mafuta ya 50 katika joto hilo ni mazito kama mara mbili ya yale ya 20. Namba ya kwanza, iliyofuatwa na herufi W, huonyesha tabia ya mafuta katika baridi. Herufi hiyo yasimamia neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Mafuta ya 0W hujaribiwa kama yaweza kuiruhusu injini kuzunguka katika sentigredi 35 chini ya sifuri, na yale ya 20W katika 15 chini ya sifuri.

Hapo msomaji atauliza, "Mimi nakaa Kisumu, theluji yanihusu nini?" Swali ni la haki. Lakini kwa injini, baridi si theluji tu. Asubuhi ya mwezi wa Julai kule Limuru, na hata mchana wa Mombasa, injini iliyolala imepoa sana ikilinganishwa na joto lake la kazi. Katika joto la sentigredi 40, ambalo watu wa pwani hawalioni kuwa baridi hata kidogo, mafuta ya 20W-50 huwa mazito zaidi ya mara tatu kuliko ya 0W-20. Nayo dakika ya kwanza baada ya kuwasha ndiyo dakika ya hatari, kwa sababu mafuta yameshuka chini usiku kucha, na vyuma vya juu vyangoja pampu iyapandishe. Mazito hukawia.

Tena, joto la nchi haliingii ndani ya injini kwa kadiri watu wadhaniavyo. Iko valvu ndogo izuiayo maji ya rejeta mpaka yapate joto lipasalo, na injini nzima hufanya kazi karibu na sentigredi 90, iwe iko Lamu au Nyeri.

Injini za zamani ziliacha nafasi kubwa zaidi kati ya chuma na chuma, na mafuta mazito yalizijaza vema. Injini nyingi za siku hizi zimechongwa kwa nafasi finyu, tena njia za mafuta ni nyembamba. Zaidi ya hayo, mafuta yamepewa kazi ambayo zamani hayakuwa nayo: msukumo wake ndio ugeuzao wakati wa valvu kufunguka na kufunga, na ndio ukazao cheni ya valvu. Mafuta mazito kupita kiasi hucheleweshwa katika vijia hivyo. Cheni hulia asubuhi, taa ya injini huwaka, petroli huliwa zaidi, na mwenyewe hupelekwa kununua vifaa ambavyo havikuwa vimeharibika.

Kosa la upande wa pili ni baya vilevile, na pengine ni la haraka zaidi. Mtu akisikia kwamba 0W-20 ni mafuta ya kisasa, akayatia katika injini ya zamani iliyotengenezewa namba 40, utando wa mafuta katika beringi za krenki waweza kuwa mwembamba mno usiweze kubeba mzigo. Katika kupanda mteremko wa Mai Mahiu na mizigo, chuma kitagusana na chuma. Hakuna mkopo wa ushirika ulioandikwa kwa ajili ya injini ya pili.

Namba peke yake haitoshi. Katika chombo cha mafuta hutazamwa pia herufi za API. Zianzazo na S ni za petroli, na kadiri herufi ya pili inavyosonga mbele katika alfabeti ndivyo mafuta yalivyo ya kisasa: SF ilikuwa ya injini zilizotengenezwa mpaka 1988, na SP ilitolewa mwaka 2020. Mafuta ya SF yangali yakiuzwa kwa bei rahisi, na katika injini mpya yenye turbo urahisi huo ni hasara. Zianzazo na C ni za dizeli. Motokaa ya dizeli yenye chujio la masizi katika bomba la moshi yataka mafuta yenye majivu machache, ama sivyo chujio hilo, ambalo bei yake hutisha, litazibika.

Basi mtu ajuaje lililo sawa? Afungue boneti, atazame kifuniko cha kutilia mafuta. Toyota nyingi zimeandikwa hapo 0W-20 kwa herufi ambazo hazihitaji kujua Kijapani. Akikosa, atafute kitabu cha injini hiyo kwa Kiingereza. Ataona kwamba vitabu vingi vyaruhusu zaidi ya namba moja: penye 0W-20 huenda pia ikatajwa 5W-30. Yaliyotajwa yatumike bila hofu, na yasiyotajwa yaachwe, hata yakisifiwa namna gani.

Kuhusu muda, Toyota husema huko Japani kwamba motokaa ya petroli isiyo na turbo ibadilishwe mafuta kila kilometa 15,000 au mwaka mmoja, lakini penye matumizi magumu iwe nusu ya hapo. Vumbi la barabara zetu na msongamano wa magari wa Nairobi ni matumizi magumu, tusijidanganye. Mafuta kuwa meusi si dalili ya ubovu. Ni dalili kwamba yanaosha.

Chombo kinunuliwe mahali panapojulikana, muhuri wake ukiwa mzima, nacho kikiisha kitobolewe, kwa kuwa wako wajazao vyombo vitupu mafuta machafu yaliyochujwa na kuyauza kuwa mapya. Mwenye motokaa asimame aone muhuri ukikatwa. Fundi mwema hachukizwi na jambo hilo.

Na ikiwa injini imekwisha kutiwa mafuta yasiyoifaa, haifi siku ile. Isipelekwe mbio wala kubebeshwa mizigo. Iwashwe ipate moto kidogo, mafuta yote yamwagwe, chujio libadilishwe, yatiwe yaliyo sawa mpaka alama ya juu ya kijiti cha kupimia, wala yasiipite, kwa maana yakizidi hufanya povu. Kisha kilometa za siku hiyo na namba ya mafuta ziandikwe kwa kalamu katika karatasi, nayo ibandikwe ndani ya boneti, ambapo fundi mwingine ataiona kabla hajauliza.