Usiseme "Ndiyo" Kama Hujaelewa

Leo katika safu yetu ya afya sitazungumzia ugonjwa fulani wala dawa fulani. Nataka tuzungumze juu ya neno moja dogo ambalo nimeona linawaumiza watu wetu hapa Stockholm. Neno lenyewe ni "ndiyo".

Mimi ni muuguzi. Nilisomea kazi hii nyumbani Tanzania, kisha nikasoma tena hapa Sweden. Naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja kwetu mama mmoja wa makamo, mtu wa pwani. Alikuwa amegunduliwa kuwa na kisukari. Nilifurahi kumwona, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote kwa Kiswahili: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, pamoja na chakula, kila siku. Nikamuuliza, "Umeelewa, mama?" Akajibu, "Ndiyo mwanangu, Mungu akubariki." Nikaandika kwenye kompyuta kwamba mgonjwa ameelewa.

Kumbe hakuelewa. Alikuwa akimeza vidonge siku anazosikia kizunguzungu tu, kwa sababu alivyozoea yeye dawa unakunywa ukiumwa, ukipata nafuu unaacha. Vilivyobaki alimtumia dada yake Tanga. Alirudi kwetu akiwa na kidonda mguuni kisichopona, na mwisho wake alikatwa kidole kimoja. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alisema, "Ulikuwa na haraka, mwanangu. Niliona haya kukusumbua."

Ndugu msomaji, lugha ilikuwa moja na bado tulipotezana. Nilikuwa nimemuuliza swali ambalo kwa adabu zetu lina jibu moja tu. Siku hizi siulizi tena "umeelewa?" Nasema, "Mama, hebu nieleze, ukifika nyumbani utazinywaje hizi dawa?" Hapo ndipo ukweli hutoka.

Sasa fikiria anayekuhudumia ni Mswidi, na kati yenu kuna lugha ya tatu au mkalimani wa simu.

NDIYO YETU NA "JA" YAO

Kwetu "ndiyo" ina kazi nyingi. Inamaanisha nakusikia, nakuheshimu, endelea, sitaki kubishana na mkubwa. Kwa Mswidi "ja" ni ahadi. Ukishasema "ja" anaandika, anaendelea na jambo jingine, na mara nyingi harudii swali, kwa sababu anakuona mtu mzima uliyekwisha kujibu.

Yapo mengine yanayotutatiza. Muuguzi kijana anamwita mzee wa miaka sabini kwa jina lake la kwanza, hakuna mzee wala bwana. Wengi wetu huona ni dharau. Lakini hata Waswidi zamani walikuwa na vyeo vyao. Mwaka 1967 daktari Bror Rexed, mkuu wa idara ya serikali iliyosimamia afya, alitangaza kwamba wafanyakazi wake wote atawaita "du", yaani "wewe", naye aitwe hivyo hivyo. Desturi hiyo ilienea nchi nzima. Kwa hiyo anapokuita kwa jina lako, anakuweka sawa na yeye. Na kama wewe ni sawa na yeye, una haki ya kumuuliza.

Halafu kuna macho. Sisi tunainamisha macho mbele ya mkubwa. Hapa mtu anaweza kudhani una huzuni au unaficha kitu. Si lazima umkodolee. Mwambie tu kwa mdomo unavyojisikia, maana uso wako hataweza kuusoma kama angeusoma mama yako.

Vilevile mama mjamzito huulizwa kuhusu pombe, na kama kuna anayempiga au kumtisha nyumbani. Dada yangu Mwislamu, usikasirike ukaondoka. Maswali hayo hayakulengwa kwako kwa sababu ya rangi au nchi yako, wanaulizwa pia wanawake wa Kiswidi. Na utakayosema ni siri. Hata mume wako hataambiwa bila ruhusa yako.

MKALIMANI NI WAKO, MUOMBE

Sheria ya wagonjwa ya Sweden, patientlagen, ilianza kutumika mwaka 2015. Inasema maelezo lazima yafuate umri wa mgonjwa, uzoefu wake na lugha yake, na kwamba anayeyatoa ahakikishe kadiri iwezekanavyo kuwa mgonjwa ameyaelewa. Yaani kuelewa kwako ni sehemu ya kazi yao. Ukisema hujaelewa, hujamsumbua mtu.

Omba mkalimani (tolk) siku unapoagiza miadi, usingoje siku yenyewe. Sema pia Kiswahili chako ni cha wapi. Ndugu zetu wa Kongo wakisema "munganga" wanamaanisha daktari, lakini mkalimani wa pwani anaweza kudhani ulikwenda kwa mganga wa kienyeji! Kina mama mnaweza kuomba mkalimani mwanamke. Na kama unaogopa atakuwa mtu unayekutana naye sokoni Rinkeby au Skärholmen, omba wa simu kutoka mji mwingine. Mkalimani naye amefungwa na sheria ya siri.

Tafadhali, usimtumie mtoto wako. Najua yeye ndiye anayejua Kiswidi vizuri. Lakini mtoto wa miaka kumi na moja hapaswi kutafsiri habari za damu ya mama yake au uvimbe kwenye titi. Akiogopa ataruka maneno, na utakachosikia ni nusu. Hata sisi ndugu wakubwa tuna tabia hiyo: daktari anasema "hali ni mbaya", sisi tunatafsiri "utapona tu, usijali". Tunadhani ni huruma, kumbe tumemnyima mgonjwa nafasi ya kuamua mambo yake mwenyewe.

MAMBO YA KUFANYA

1. Andika nyumbani mambo matatu unayotaka kuuliza. Anza na lile linalokutisha zaidi.

2. Onyesha kwa kidole. "Tumbo" letu ni kubwa, linachukua tumbo la chakula, kizazi na kibofu. Sema limeanza lini, linauma vipi, wakati gani.

3. Taja kila unachotumia: mwarobaini, dawa za mitishamba, vidonge ulivyoletewa kutoka nyumbani. Lengo ni kujua kama zinagombana na dawa mpya.

4. Jifunze sentensi mbili: "Jag förstår inte" (sielewi) na "Kan du förklara en gång till?" (unaweza kueleza tena?).

5. Kabla hujanyanyuka, rudia kwa maneno yako: "Nitakunywa kimoja asubuhi na kimoja jioni, nitarudi tarehe fulani. Ni sawa?" Hili likikushinda, bado hujamaliza.

6. Ukifika nyumbani, soma yaliyoandikwa kwenye 1177.se kwa kutumia BankID. Kama kuna jambo ambalo hukusema, wapigie.

7. Kama hukutendewa haki, peleka malalamiko Patientnämnden. Hulipi kitu.

Kwa ushauri wa afya piga 1177, usiku na mchana. Kwa dharura ni 112.

Yule mama bado namwona mara kwa mara. Siku hizi nikimaliza kueleza ananyanyua mkono na kusema, "Ngoja mwanangu, sasa zamu yangu," kisha ananirudishia yote, kidonge kwa kidonge. Akikosea tunacheka na kuanza upya. Inatuchukua dakika tano zaidi.

Nawatakia afya njema. Wasalaam,
Muuguzi wenu, Stockholm