Ijue Pikipiki Yako (4): Boksi la Hewa Liking'olewa

Makala iliyopita iliishia kwenye mdomo wa kabureta, pale hewa inapokutana na mafuta. Leo turudi nyuma kidogo tuitazame hewa yenyewe kabla haijafika hapo, maana hapo ndipo vijana wengi wa bodaboda huanzia wanapotaka pikipiki iongeze mwendo. Kazi yenyewe gereji haichukui muda. Boksi la plastiki lililojificha nyuma ya kava la ubavuni linang'olewa, kisha inafungwa ea klina ya wazi yenye umbo la koni, nyekundu au ya buluu, moja kwa moja kwenye kabureta. Pikipiki ikiwashwa inanguruma. Kijana anavuta mafuta mara mbili tatu, anacheka, analipa.

Tuifanyie hesabu hiyo hewa. Injini ya cc 150 ya mipigo minne huvuta pumzi mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika itavuta mara 3,000, na silinda ikijaa sawasawa hizo ni lita 450 za hewa kwa dakika moja tu. Tena, kila gramu ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote, kwa hiyo lita moja ya petroli hutumia kama lita 9,000 za hewa. Dereva anayechoma lita 4 kwa siku amepitisha kwenye chujio lake lita 36,000, na zote amezivuta barabarani, nyuma ya malori na juu ya udongo mwekundu.

Biashara ya kubadilisha machujio ilikulia Marekani, na huko ina mantiki yake. Kampuni ya K&N, maarufu kwa chujio la pamba lililolowekwa oili, ilianza mwaka 1969 huko Riverside, California; waanzilishi wake, Ken Johnson na Norm McDonald, walikuwa watu wa pikipiki. Miongoni mwa wateja wakubwa wa biashara hii ni wenye Harley-Davidson. Injini kubwa za Harley zina cc zaidi ya 1,400, ilhali sheria ya nchi hiyo inataka pikipiki ya barabarani iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1986 isizidi desibeli 80 katika kipimo cha kelele. Kiwanda hulazimika kuibana njia ya hewa ili mlio ushuke, kwa hiyo anayeifungua anapata nguvu ya kweli. Lakini hafungui njia ya hewa peke yake. Hubadilisha na eksozi, kisha huirekebisha kompyuta ya injini ili imwage mafuta zaidi. Urekebishaji huo ndio uliozua kesi: mwaka 2016 Harley-Davidson ilikubali kulipa faini ya dola milioni 12, bila kukiri kosa, kwa kuuza vifaa ambavyo serikali ilisema viliongeza moshi mchafu.

Sasa tazama kinachofanyika kwetu. Chujio linabadilishwa, na kabureta inaachwa na jeti zake za kiwandani, zile zinazopima mafuta. Hewa imeongezeka, mafuta ni yale yale. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inachemka, inakohoa ukivuta mafuta kwa ghafla, na ukiwa umepakia mishikaki kwenye mlima ndipo utakapojua. Ngurumo ile ni sauti ya uvutaji iliyokuwa ikimezwa na boksi. Sasa inatokea chini ya paja lako, na sikio linaitafsiri kuwa ni kasi. Nguvu ya juu hupatikana hewa ikiwa karibu mara 12.5 au 13 ya uzito wa petroli, yaani mafuta yawe mengi zaidi, kinyume kabisa na matokeo ya chujio la wazi lililofungwa peke yake.

Hilo boksi, kwa kweli, halikuwekwa kwa ajili ya urembo. Ukubwa wake na urefu wa mpira wake vimepimwa ili hewa itulie ndani na mawimbi yake yasaidie kuijaza silinda katika mzunguko wa kati, ambao ndio wa kazi ya kila siku mjini. Liking'olewa, upepo wa ubavuni unapiga kabureta moja kwa moja. Tazama pia mdomo wa kabureta yako: pembeni mwa tundu kubwa kuna vitundu vidogo vinavyopitisha hewa ya jeti. Machujio mengi ya bei rahisi yana ukingo mnene wa mpira unaoviziba. Na ule mpira wa kupumulia injini, ambao kwenye pikipiki nyingi huingia kwenye boksi, unabaki ukining'inia na kudondosha oili.

Kuna wanaosifia koni hizi, na si lazima wawe wanadanganya. Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban moja ya sita. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani humwaga mafuta kupita kiasi ikifika huko, injini ikawa nzito na plagi ikajaa masizi. Ukiifungulia hewa, inachangamka. Dereva wa Nairobi anayeisifia koni na wa Mombasa anayeilaumu wakikutana Voi watabishana hadi usiku, na kila mmoja ana haki yake. Lakini huyo wa Nairobi angepata nafuu hiyo hiyo kwa kuweka jeti ndogo kwa bei ndogo, na boksi lake likabaki.

Vumbi ndilo linaloniudhi zaidi. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipita hunasa kwenye filamu ya oili kati ya ringi na ukuta, zikasugua kama msasa. Mwenye pikipiki haoni kitu kwa miezi, kisha kompresheni inashuka, moshi wa buluu unatoka, na fundi anazungumzia kuchonga bloku. Wakati wa masika hatari ni nyingine: koni iliyo chini na wazi ikizama kwenye dimbwi huvuta maji, na kwa kuwa maji hayabanwi, mkono wa pistoni hupinda.

Anayeng'ang'ania koni basi na apandishe jeti kubwa hatua kwa hatua, kila mara akikimbiza pikipiki kwa gia ya juu, akizima ghafla na kuichomoa plagi. Ncha ikiwa nyeupe, mafuta ni machache. Ikiwa ya kahawia, amefika. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, amepitiliza.

Kwa wengine, sponji ioshwe kwa sabuni, ikaushwe kivulini, ipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Ya karatasi ibadilishwe. Kisha ingiza kidole kwenye mpira ulio kati ya chujio na kabureta. Kikitoka na vumbi, usikimbilie kununua chujio jipya kabla hujakagua kama mpira umepasuka au klipu yake imelegea.

Makala ijayo: eksozi.