Je, Wajua? Kisukari Huuma Kikipuliza

Panya, wazee walituambia, ana ustadi wake: anang'ata kidogo, anapuliza, anang'ata tena, na mwenye mguu anaendelea kukoroma mpaka alfajiri. Ndipo tukapata msemo wa kuuma na kupuliza. Maradhi ya kudumu mengi yana tabia hiyo, na kisukari ndicho fundi wao. Kiu, safari za chooni na chai isiyo na sukari tunavijua sote. Tusiyoyajua sana ni yale kinayoyafanya kwenye mishipa ya fahamu, chumbani na akilini.

Daktari aliyeonja mkojo

Je, wajua kwamba daktari aliyeupa utabibu neno "neurolojia" ndiye huyo huyo aliyeonja mkojo wa wagonjwa wa kisukari? Ni Mwingereza Thomas Willis. Mwaka 1664 alitoa kitabu juu ya ubongo, na miongoni mwa waliokichorea picha ni Christopher Wren, ambaye baadaye alisanifu kanisa kuu la St Paul's la London. Miaka kama kumi baadaye Willis akaandika kwamba mkojo wa wagonjwa wale ni mtamu ajabu, kana kwamba umetiwa asali.

Katika kutafuta chanzo cha ugonjwa, Willis alitaja pia huzuni ya muda mrefu. Chanzo hasa hakukipata, lakini hakuwa mbali kama ilivyodhaniwa. Tafiti za leo zinaonyesha kwamba mwenye sonona yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha aina ya pili, na mwenye kisukari ana uwezekano wa karibu mara mbili wa kupata sonona kuliko asiye nacho. Njia hiyo inapitika kwenda na kurudi.

Siri ya miaka elfu moja

Je, wajua kwamba Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alishaeleza katika Qanun yake kwamba wagonjwa hawa hupata vidonda vinavyooza na hupungukiwa nguvu za tendo la ndoa? Jambo ambalo wanaume wengi hulinong'ona kwa muuza dawa za mitishamba, na si kwa daktari, limo vitabuni kwa takriban miaka elfu moja.

Mshipa na mshipa

Je, wajua kwamba Kiswahili kiligusa ukweli wa kitabibu bila kukusudia? Neno letu moja, mshipa, hubeba mshipa wa damu na mshipa wa fahamu. Kisukari nacho hakibagui. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu yenyewe, na huharibu pia vijishipa vidogo vya damu vinavyoilisha. Waya unaungua na bomba linaziba kwa wakati mmoja. Karibu nusu ya wenye kisukari hupata madhara ya mishipa ya fahamu katika maisha yao.

Panya wa kweli

Je, wajua kwamba kisa cha panya si mfano tu? Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake walichapisha katika jarida la Diabetic Medicine taarifa juu ya wagonjwa wa kisukari nchini Tanzania walioumwa na panya miguuni. Mguu uliokufa ganzi hauhitaji kupulizwa. Mtu analala mzima, anaamka na kidonda, na kidonda kikichelewa kutibiwa kinaweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Kuhifadhi vizuri mabaki ya chakula na kukagua miguu kila asubuhi ni sehemu ya tiba, sawa na vidonge.

Ndala iliyobaki njiani

Je, wajua kwamba ganzi huanzia vidoleni kwa sababu ya urefu? Mshipa wa fahamu unaofika kidole gumba cha mguu unatoka kiunoni. Ni mrefu kuliko yote, na mrefu ndio huharibika mwanzo. Ganzi hupanda kama soksi inayovutwa juu. Inapokaribia goti, vidole vya mikono navyo huanza, kama mtu anayevaa glavu.

Dalili moja haipatikani kwa mashine. Mtu anatembea, ndala inamchomoka, naye anaendelea na safari mpaka mtoto anamkimbilia nayo mkononi: "Babu, ndala yako hii!" Hakuhisi kwamba imevuka.

Kipimo cha kliniki nacho ni rahisi kushinda unavyodhani. Ni uzi wa nailoni uliotengenezwa upinde unapokandamizwa kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa anafumba macho, muuguzi anagusa unyayo sehemu kadhaa na kumwambia aitikie kila akiguswa. Kinachotisha si mguso wala uzi. Ni kimya pale uzi umeshapinda na mgonjwa bado anasubiri kuguswa.

Ganzi inayouma

Je, wajua kwamba mguu usiosikia msumari unaweza kulia usiku kucha? Mshipa unaokufa hutuma taarifa za uongo. Wagonjwa wanasema miguu inawaka moto, inachomwa sindano, inatembelewa na sisimizi. Wengine hawavumilii hata shuka. Maumivu huzidi usiku, usingizi unakatika, na baada ya miezi ya kukesha hasira na machozi havihitaji mganga wa kuvieleza.

Dawa mojawapo inayotumika sana kutuliza moto huo ni amitriptilini, iliyoingia sokoni mwaka 1961 ikiwa dawa ya sonona. Kwa miguu hutolewa kwa dozi ndogo, usiku. Mgonjwa akisoma karatasi iliyomo ndani ya boksi hudhani daktari amemwona ana kichaa, akaitupa. La hasha: dawa ile inatuliza taarifa za maumivu zinazopita kwenye mishipa ya fahamu na uti wa mgongo.

Na si kila ganzi ni ya sukari. Metformini, dawa inayotumiwa na wengi, ikinywewa kwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo nao huleta ganzi. Hupimwa kwa damu na hutibika.

Mshtuko wa moyo usiouma

Je, wajua kwamba mtu anaweza kupata mshtuko wa moyo asisikie maumivu ya kifua? Mishipa ya fahamu inayoendesha moyo, tumbo na jasho bila kutuuliza nayo huharibika. Mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza kuona uchovu wa ghafla, kichefuchefu na kuishiwa pumzi, basi, wakati moyo wake unaumia kweli. Tumbo nalo linaweza kuzembea, chakula cha mchana kikakaa mpaka jioni na sukari ikapanda kwa saa isiyotarajiwa. Wapo hata wanaotokwa jasho jingi usoni kila wakila.

Si mlevi huyo

Je, wajua kwamba ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yote? Chakula chake kikuu ni sukari ya kwenye damu. Mtu anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, akachelewa kula, sukari yake inaweza kushuka chini ya 3.9 mmol/L, na ikifika chini ya 3.0 ubongo unaanza kuyumba. Anatetemeka, anatoka jasho la baridi, anaongea maneno yasiyounganika, anamtukana anayemsaidia. Kituoni watu wanacheka: "Huyu kazinywa asubuhi yote hii!" Mara nyingine hata jamaa zake wanasema ni mapepo.

Akiwa bado anaweza kumeza, mpe nusu glasi ya soda ya kawaida au vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, upime tena. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni; kimbiza hospitali. Mbaya zaidi, aliyeshukiwa na sukari mara nyingi, mwili wake huacha kumwonya. Jasho na kutetemeka havimjii tena; anajikuta chini.

Mishipa ya milimita moja

Je, wajua kwamba kupungua kwa nguvu za kiume kunaweza kuwa taarifa ya mapema kutoka kwa moyo? Mishipa ya damu ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo 3 hadi 4. Uchafu ule ule huziba bomba dogo kwanza. Kwa wanaume wengi tatizo la chumbani hutangulia lile la kifuani kwa miaka miwili hadi mitano. Katika utafiti maarufu uliofanyika Massachusetts, Marekani, matokeo yakatolewa mwaka 1994, wanaume wa miaka 40 hadi 70 waliopoteza kabisa uwezo huo walikuwa karibu 10 katika kila 100. Miongoni mwa waliokuwa wakitibiwa kisukari walifika 28.

Kwa hiyo anayeinywa supu ya pweza jioni na kujipaka vumbi la Kongo usiku, bila kupima sukari wala presha, anaizima taa ya hatari kwenye dashibodi huku injini inaungua.

Mmoja, watano, kumi

Je, wajua kwamba wakati mwingine kinachoua nguvu ni habari? Mwaka 2003 madaktari wa Italia walichapisha matokeo ya wanaume 96 wenye maradhi ya moyo na mishipa yake, wote wazima chumbani, waliopewa atenololi, dawa inayojulikana sana na wagonjwa wa presha. Theluthi ya kwanza hawakuambiwa wanapewa dawa gani. Mmoja tu akapata tatizo. Theluthi ya pili walitajiwa jina la dawa, wakawa watano. Theluthi ya mwisho walielezwa pia kwamba dawa inaweza kupunguza nguvu za kiume, wakawa kumi. Waliopata tatizo walipopewa vidonge vya kusaidia, vile visivyo na dawa ndani viliwasaidia karibu sawa na vya kweli.

Hofu yao haikuwa ya kujifanya. Mwili uliitii kweli. Kwa mwenye kisukari, mishipa na mawazo hushikana mikono: mara ya kwanza inashindikana kwa sababu ya damu, ya pili kwa sababu anaikumbuka ya kwanza.

Kidonge kilichokosea njia

Je, wajua kwamba Viagra ilianza kufanyiwa majaribio kama dawa ya maumivu ya kifua yanayotokana na moyo? Kifuani haikung'ara, ila wanaume waliokuwa kwenye majaribio wakaeleza jambo jingine. Marekani iliiidhinisha Machi 1998. Wengi wenye kisukari husaidika nayo, lakini isitumiwe kamwe na anayetumia dawa za naitreti za moyo, maana presha inaweza kuporomoka hadi kuua. Katika nchi mbalimbali, mamlaka za dawa zimekuta dawa hiyo hiyo imechanganywa kwa siri kwenye bidhaa zinazouzwa kama mitishamba mitupu.

Tatizo jingine halisemwi kabisa: mishipa ikiharibika, mbegu zinaweza kurudi nyuma kwenye kibofu badala ya kutoka. Ndoa inapita miaka bila mtoto, mke anasemwa na mawifi, kumbe jibu limo kwenye kipimo cha mkojo wa mume. Na tiba zipo.

Ambaye haulizwi

Je, wajua kwamba fangasi ukeni wanaorudi kila mara huweza kuwa dalili ya kwanza ya kisukari kwa mwanamke? Sukari nyingi huwapa fangasi chakula. Mume anashuku amesalitiwa, mke anaona aibu, na hakuna anayewaza kupima damu. Kisukari humletea pia ukavu, maumivu wakati wa tendo na kupungua kwa hamu, hasa akiwa na sonona. Vilainishi, tiba ya fangasi na mazungumzo husaidia. Lakini watafiti na madaktari wamemshughulikia mwanamume zaidi, na mwanamke hufundishwa tangu ukungwini kuvumilia.

Kuchoka si sonona

Je, wajua kwamba wataalamu hutofautisha sonona na kuchoshwa na kisukari chenyewe? Mwaka 1995 mwanasaikolojia William Polonsky na wenzake walitoa dodoso la maswali 20 linalopima mzigo huo: hofu ya kupofuka, hatia baada ya kula pilau ya harusi, hisia ya kulindwa na familia nzima kama mtoto. Mtu huyo anaweza kucheka na kufanya kazi, ila amechoka kuhesabu matonge. Sonona ni nyingine: wiki mbili au zaidi za kukosa raha karibu kila siku, hata kwa kile ulichokipenda. Vyote viwili humfanya mtu aache dawa, halafu tunamwita mkaidi.

Swali la tano

Je, wajua kwamba mambo yote haya yanaweza kupita kliniki bila kuguswa? Sukari ngapi, presha ngapi, uzito gani, dawa zimebaki? Maswali manne, foleni inasogea. La tano ulibebe mwenyewe. Ukiketi mbele ya daktari, vua viatu kabla hujaambiwa. Akiangalia miguu, sema lile la chumbani kwa maneno yoyote uliyonayo, na useme kama siku hizi hulali wala hufurahi. Kama aibu inakushika, liandike nyuma ya kadi yako na umpe asome.