Gitaa la kwaya, fundi simu na pedali ya vipande 9

Ujumbe ulioingia kwenye simu ya studio ulikuwa mfupi. Msikilizaji wetu anapiga gitaa la solo kwenye kwaya, wana gitaa la umeme na amplifaya moja, lakini solo yao hailii kama zile anazozisikia redioni. Amesikia kuna kifaa cha kukanyaga kwa mguu kinachoitwa pedali. Bei aliyotajiwa mjini imemkatisha tamaa. Akauliza: hiki kitu hakiwezi kutengenezwa hapa hapa?

Tulimjibu hewani kwa dakika mbili, kisha tukaona haitoshi. Tukatafuta fundi simu wa jirani na kituo, tukakaa naye mchana mzima kibandani kwake, na tukatengeneza moja. Inawezekana. Ila tulikosea kwanza, na kosa lenyewe tutalieleza, maana na wewe unaweza kulifanya.

Tuanze na kazi ya pedali. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana. Uzi ukitikisika, umeme mdogo unatokea kwenye waya ule, nao unapanda na kushuka kama wimbi kwa kufuata mtikisiko wa uzi. Umeme huo ni kidogo mno, mara nyingi sehemu ya kumi tu ya volti moja. Pedali inakaa katikati ya gitaa na amplifaya, inaupokea, inaubadilisha umbo, kisha inaupeleka mbele.

Sauti ile ya kukwaruza, ambayo vijana wanaiita gitaa kulia, haikubuniwa kwa makusudi. Nchini Marekani, mjini Nashville, wakati wa kurekodi wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961, kifaa kimoja cha studio kilipata hitilafu na solo ya besi ikatoka ikikwaruza. Wakaiacha hivyo hivyo. Fundi mitambo Glenn Snoddy akatengeneza saketi ya kuiga ule ubovu, na kampuni ya Gibson ikaiingiza sokoni mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1965 Rolling Stones wakaitumia kwenye wimbo uliovuma dunia nzima, na tangu hapo wapiga gitaa hawajaacha kulipia sauti iliyoharibika. Sisi tunaokesha tukifukuza mikwaruzo kwenye mitambo ya redio tunalicheka hilo kila tukilikumbuka.

Saketi tuliyochagua ni ndogo kuliko hiyo. Imetokana na LPB-1, pedali ya kuongeza nguvu iliyotengenezwa na kampuni ya Electro-Harmonix ya New York kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Ina transista moja tu. Transista inachukua wimbi dogo la gitaa na kulikuza takribani mara 20. Baada ya hapo sisi tuliongeza daiodi 2 zilizogeuziana mgongo, kutoka kwenye njia ya sauti kwenda upande wa hasi. Daiodi ya kawaida ya silikoni inaanza kupitisha umeme ukifika kama volti 0.6. Kwa hiyo wimbi lililokuzwa hadi volti 2 likifika pale linakatwa kichwa juu na chini. Wimbi la mviringo linakuwa kama mlima uliosawazishwa kileleni, na sikio linausikia mkato huo kama mkwaruzo.

Jumla ni vipande 9: rezista 4, kapasita 2, transista 1 na daiodi 2. Nje ya bodi kuna kitufe cha voliumu cha kiloomu 100, jeki 2, swichi ya mguu na betri ya volti 9.

Vipande vyenyewe si vile vya zamani vyenye miguu mirefu. Ni vile vidogo vinavyobandikwa juu ya bodi bila kutoboa tundu, kama vilivyojaa kwenye simu na redio za siku hizi. Saizi inayoitwa 0805 ina urefu wa milimita 2 na upana wa milimita 1.25. Weka punje ya ufuta mezani, halafu fikiria kitu kidogo kidogo kuliko hiyo. Wengi wakiona hapo wanaondoka. Fundi wetu alicheka, kwa sababu vipande anavyobadilisha kwenye simu kila siku ni nusu ya hivyo, na vingine ni vidogo zaidi. Ndiyo maana tunasema kazi hii si lazima iende mjini. Kijiji kinaweza kukosa fundi wa vyombo vya muziki, lakini fundi simu yupo, na kibanio, lenzi na chuma chembamba cha kuchomelea anavyo tayari.

Vipande vinaweza kununuliwa, au kung'olewa kwenye bodi zilizokufa. Bodi ya simu haifai sana: rezista zake ni ndogo mno kiasi kwamba hazina hata maandishi. Bodi za king'amuzi, deki ya DVD au kompyuta ya zamani ni bora zaidi. Rezista za saizi ya 0805 kwa kawaida zina namba juu, na kuzisoma ni rahisi: tarakimu mbili za kwanza ni namba yenyewe, ya mwisho ni idadi ya sifuri. 103 ni 10 na sifuri 3, yaani omu 10,000. 391 ni 39 na sifuri 1, omu 390. Kapasita hizi za kauri, zile za rangi ya kahawia, hazina maandishi kabisa, kwa hiyo pima kwa mita kabla ya kuamini. Tunahitaji za nanofaradi 100.

Bodi tulikata sisi wenyewe. Chukua kipande cha bodi yenye shaba upande mmoja, kikubwa kama kiberiti, ukwangue shaba kwa ncha ya msumeno wa chuma mpaka ibaki visiwa 7 visivyogusana: sauti inayoingia, besi ya transista, emita, kolekta, sauti inayotoka, chanya na hasi. Mfereji kati ya kisiwa na kisiwa uwe kama milimita 1. Hapa ndipo udogo wa vipande unapokuwa msaada, kwani kila kimoja kinalala juu ya mfereji kama daraja, kichwa kisiwa hiki na mguu kisiwa kile. Hakuna kutoboa.

Madaraja ni haya. Kapasita ya kwanza inatoka kisiwa cha kuingia kwenda besi. Rezista 474 inatoka chanya kwenda besi, na 473 inatoka besi kwenda hasi. Rezista 103 inatoka chanya kwenda kolekta, 391 inatoka emita kwenda hasi. Kapasita ya pili inatoka kolekta kwenda kisiwa cha kutoka, na daiodi mbili zinatoka hapo kwenda hasi, moja ikitazama huku na nyingine kule. Transista tuliyotumia ni MMBT3904. Ina miguu mitatu: ule uliokaa peke yake ni kolekta. Ukiitazama kwa juu, mguu wa peke yake ukiwa upande wa juu, wa chini kushoto ni besi na wa kulia ni emita.

Kuchomelea kuna mbinu moja tu ya kushika. Weka tone dogo la risasi kwenye kisiwa kimoja. Shika kipande kwa kibanio, yeyusha lile tone, sogeza kipande kiingie, ondoa chuma, subiri, ndipo uachie kibanio. Upande wa pili sasa ni rahisi, kwa kuwa kipande hakiendi popote. Ukiwahi kuachia, kitasimama wima kwa mguu mmoja kama mnara wetu wa matangazo. Bloa ya hewa moto iache kwanza, inaweza kupeperusha vipande jirani, na kipande kikianguka kwenye sakafu ya udongo kimekwenda.

Sasa kosa letu. Tuliunganisha kila kitu, tukawasha, na amplifaya ikakaa kimya. Fundi akapima kati ya kolekta na hasi. Ikisoma volti 5 au 6, transista imekaa sawa. Hata 4 au karibu 7 bado inafanya kazi. Ikisoma 9 kamili, transista haijafunguka, na mara nyingi kuna mguu ambao risasi haikushika. Sisi tulipata volti 0.4. Maana yake transista ilikuwa imefunguka kupita kiasi, wimbi halina pa kucheza. Tukarudi na lenzi. Rezista 474 na 473 tulikuwa tumezibadilishana nafasi! Tofauti ni tarakimu moja, kwenye kitu kidogo kuliko ufuta, lakini omu 470,000 zilikuwa zimekaa mahali pa 47,000. Tukazibadilisha, mita ikasoma 5.8, na gitaa likaunguruma mpaka wateja wa duka la jirani wakatoka nje kuangalia.

Funga bodi ndani ya kopo la bati, na uunganishe bati na upande wa hasi. Boksi la plastiki huruhusu mvumo wa umeme wa nyumba kuingia kwenye sauti. Ndani bandika karatasi ngumu ili shaba isiguse bati. Kwenye jeki ya gitaa tumia ile ya stirio, na hasi ya betri uipitishie kwenye mguu wake wa kati. Kwa njia hiyo betri inawaka waya wa gitaa unapochomekwa tu. Saketi hii inakula chini ya miliampia 1, betri nzuri inadumu sana. Taa ya kuonyesha kwamba imewaka inapendeza, ila yenyewe inaweza kula mara kadhaa ya saketi nzima, nasi tuliiacha.

Risasi nyingi za kuchomelea zina madini ya risasi kweli, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Usile ukiwa kazini, nawa mikono kwa sabuni, fungua dirisha moshi utoke. Wala usifanyie kazi hii jikoni.

Pedali tulimpelekea msikilizaji wetu siku ya mazoezi. Yeye alifurahi. Mwalimu wa kwaya alisikiliza ubeti mmoja, akasema sauti hii ni kali mno kwa ibada. Alikuwa na hoja. Tulirudi kwa fundi, tukang'oa zile daiodi 2 na kuweka mahali pake taa 2 ndogo nyekundu za LED, ambazo nazo ni daiodi lakini zinaanza kukata kwenye volti 1.8 hivi. Sauti ikatoka kubwa zaidi, na mkwaruzo ukabaki pale tu anapopiga uzi kwa nguvu. Hiyo mwalimu aliikubali.