Je, Wajua? Siku Tatu Lisbon

Je, wajua kwamba dhahabu ya Kilwa iko Lisbon mpaka leo? Imo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, kwenye mtaa wa Janelas Verdes, yaani Madirisha ya Kijani. Ndani ya sanduku la kioo kuna monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi. Mitume 12 wamepiga magoti kukizunguka, na juu yao ananing'inia njiwa mdogo mweupe. Vasco da Gama alirudi na dhahabu hiyo mwaka 1503, baada ya kumtoza Amiri Ibrahim wa Kilwa kwa vitisho vya mizinga. Mfalme Manuel wa Kwanza akaagiza ifuliwe, na kazi ikakamilika mwaka 1506. Inama uangalie maandishi kwenye tako la chombo. Utakuta neno Quiloa. Ndiyo Kilwa yenyewe, na aliyelichonga hakuficha kwamba hiyo ni kodi ya walioshindwa.

Je, wajua kwa nini tunasema Ureno ilhali wenyewe wanasema Portugal? Jina letu limetokana na neno lao reino, maana yake ufalme.

Wajua pia kwamba utakuwa ukisoma Kiswahili barabarani bila kujitambua? Mesa ni meza, bandeira ni bendera, lenço ni leso. Ukiona kibao cha igreja usikimbie: kwao ni kanisa, sisi ndio tuliolifanya gereza. Sokoni kuwa mwangalifu. Ukiomba pera utapewa tunda jingine kabisa, kwani pera letu wao huliita goiaba.

Je, wajua kwamba Alfama, mtaa wa vichochoro vyembamba ulio chini ya ngome, una jina la Kiarabu? Linatokana na al-hamma, chemchemi za maji moto. Waislamu waliutawala mji huu kwa karne kadhaa hadi 1147. Mtu aliyezoea kupishana na punda Lamu hatapotea Alfama. Au atapotea, lakini hatashangaa.

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu walikuwa wamejaa makanisani ardhi ilipotikisika. Walionusurika wakakimbilia ufukweni, bahari ikawafuata huko. Kisha moto ukala mji kwa siku kadhaa. Je, wajua kwamba kanisa la Carmo halijaezekwa tangu siku hiyo? Simama katikati yake uangalie juu: matao ya mawe, na mbingu. Mtaa wa Baixa, chini ya kilima, ulijengwa upya kwa amri ya waziri wa mfalme, Marquês de Pombal. Ndani ya kuta za nyumba zake mafundi walificha fremu za mbao zilizofungamana kama tundu, ziweze kuyumba bila kuanguka. Ili kuzijaribu, askari waliamriwa kutembea kwa kishindo kuzunguka nyumba ya mfano.

Je, wajua kwamba reli za tramu namba 28 zina upana wa sentimita 90 tu? Ndiyo maana hukunja kona ambazo hata bajaji ingesita. Ipande asubuhi na mapema, kabla foleni na wachomoa pochi hawajaamka.

Wajua kwamba kifaru aliyeletwa kutoka India mwaka 1515 aliushangaza mji huu hadi sura yake ikachongwa kwenye Mnara wa Belém?

Na vile vitobosha vya mayai vinavyouzwa Belém tangu 1837? Zamani ute wa yai ulitumika kunyoosha mavazi ya watawa, kama wanga wa kanzu. Viini vikabaki vingi, vikaingia jikoni. Nyunyizia mdalasini, ule vingali moto.

Hapa tahadhari kidogo. Mkahawani utawekewa mkate na zeituni kabla hujaagiza chochote. Kwetu huo ni ukarimu. Kule vina bei, na usipovitaka, waambie wavirudishe.

Je, wajua kwamba daraja jekundu juu ya mto Tagus lilifunguliwa 1966 kwa jina la dikteta Salazar? Tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi waliochoshwa na vita vya kikoloni Afrika waliiangusha serikali, na wananchi wakawachomekea maua kwenye mitutu ya bunduki. Ua lile Wareno huliita cravo, jina hilohilo wanalolipa karafuu. Daraja likapewa tarehe hiyo kuwa jina lake. Miezi 14 baadaye Msumbiji ilikuwa huru, chini ya FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962.

Wajua kwamba Aga Khan wa Nne, ambaye hospitali zenye jina lake ziko Nairobi, Mombasa, Kisumu na Dar es Salaam, alifariki Lisbon, tarehe 4 Februari 2025? Alikuwa imamu wa Waismailia, na makao ya uimamu huo yako huko.

Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili majira ya joto, tatu majira ya baridi. Na kama likizo yako ni ya Jumamosi hadi Jumatatu, anza na Janelas Verdes. Makumbusho yenye dhahabu ya Kilwa hufungwa Jumatatu.