Tofali nyeupe sebuleni: Kwa nini rangi hubanduka Lupembe, na ufanye nini

Picha zimejaa kwenye Instagram na Pinterest: sebule yenye ukuta wa tofali, haujapigwa lipu, umepakwa rangi nyeupe tu. Sofa moja, kikapu, taa ya mwanga wa njano, basi. Inavutia.

Kwa mtu wa Lupembe mkoani Njombe, nusu ya kazi hiyo imeshafanyika. Tofali za kuchoma zipo, nyumba nyingi zimejengwa nazo, na nyingine hazijawahi kupigwa lipu. Unaona kabisa kwamba kilichobaki ni ndoo ya rangi na brashi.

Tatizo linakuja mvua zikianza. Rangi inavimba kama malengelenge, inabanduka vipande vipande, chini ya ukuta panatokea unga mweupe na kwenye kona madoa meusi. Hela ya chai imeenda na ukuta umekuwa mbaya kuliko ulivyokuwa. Mara nyingi ndoo ya rangi haina kosa. Kosa ni maji yaliyokuwa ndani ya tofali.

Tofali linakunywa maji

Tofali la kuchoma ni udongo uliopita kwenye moto. Ndani yake kuna vitundu vidogo vidogo vinavyofyonza maji na kuyaachia taratibu hewa ikiwa kavu.

Lupembe ni nchi ya chai, na chai inapenda mvua na ukungu. Kuta zinapata maji kwa njia tatu: mvua inayopiga ubavuni, maji yanayopanda kutoka ardhini kama msingi haukuwekewa nailoni, na mvuke wa ndani kutokana na kupika, kufua na kupumua huku madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi.

Ukuta mtupu huyatoa maji hayo bila kelele. Ukiuziba kwa rangi ya mafuta, maji hayana pa kutokea, kwa hiyo yanaisukuma rangi mpaka inaachia.

Ule unga mweupe ni chumvi iliyokuwa kwenye udongo au maji. Maji yakikauka, yenyewe inabaki juu ya ukuta. Ukipaka rangi juu yake, umepaka juu ya vumbi.

Hili si suala la urembo peke yake. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu ndani ya nyumba, likieleza kwamba vinahusiana na matatizo ya kupumua na pumu. Chumba cha watoto chenye madoa meusi ukutani kinahitaji kukaushwa kwanza, siyo kufichwa kwa rangi.

Zanzibar walishajifunza

Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, una kuta za mawe ya matumbawe zilizojengwa na kupakwa kwa chokaa. Kuta hizo nazo zinafyonza maji. Pale ambapo ukarabati ulifanywa kwa saruji ngumu badala ya chokaa, unyevu ulinasa ndani na kuta zikaharibika.

Lupembe haina matumbawe, lakini kanuni ni ileile: ukuta unaofyonza maji upakwe kitu kinachouruhusu kupumua.

Chokaa au rangi ya maji?

Chokaa inafaa zaidi kwa tofali zenye unyevu kidogo. Hutokana na mawe ya chokaa yaliyochomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi. Ukishaipaka, inavuta hewa ya kabonidayoksaidi na kugeuka tena kuwa kama jiwe, huku mvuke ukiendelea kupita. Ubaya wake ni kwamba inaweza kuacha weupe kwenye nguo, na utalazimika kuirudia baada ya miaka michache.

Iloweke usiku kucha, ichuje, iwe nyepesi kama maziwa. Lowanisha ukuta kidogo, kisha paka mikono mitatu myembamba badala ya mmoja mzito. Wengine huongeza chumvi ili ishike. Kwenye tofali si wazo zuri, maana chumvi inavuta unyevu. Vaa glavu na miwani: chokaa inaunguza ngozi na macho.

Rangi ya maji inafaa kwa ukuta wa ndani uliokauka vizuri. Inafutika kirahisi na haichafui nguo. Lakini usiipake juu ya chokaa inayotoa unga. Kwangua kwanza.

Rangi ya mafuta iache kwa milango na madirisha.

Pima ukuta kabla ya kununua

Chukua kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, kiache siku nzima. Ukikuta matone kwa nyuma, ukuta bado una maji. Tafuta yanakotoka: bati fupi lisilofunika ukuta, mfereji wa maji uliokosekana, udongo uliorundikana kwenye msingi.

Kisha gonga tofali. Lililoiva linalia kwa sauti kali. Lile lililokaa pembeni mwa tanuri, la rangi hafifu, linatoa sauti ya kufa na ukilikwangua kwa msumari linamomonyoka. Hilo halishiki rangi yoyote. Ukuta wenye tofali nyingi za namna hiyo ni bora upigwe lipu.

Angalia pia maungio. Kama tofali zimeunganishwa kwa tope, chokonoa sentimita moja au mbili na ujaze mchanganyiko wa mchanga, chokaa na saruji kidogo. Halafu piga brashi ya waya ukuta mzima ukiwa mkavu, toa vumbi na chumvi yote. Usiioshe chumvi kwa maji mengi, itarudi ndani.

Mwezi gani upake?

Masika haifai, hilo liko wazi. Wengi hukimbilia Juni na Julai kwa sababu mvua imekata. Lakini ndiyo miezi ya baridi kali Njombe, na usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Rangi ya maji haikauki vizuri kwenye baridi hiyo. Subiri Septemba na Oktoba, ukuta umekauka na jua lipo. Anza asubuhi ukungu ukishaondoka, maliza mapema kabla baridi ya jioni haijaingia.

Ukuta mmoja unatosha

Weupe una faida ya kweli huku. Ukuta mweupe unarudisha takriban asilimia 80 ya mwanga unaoupiga, wakati tofali nyekundu zinarudisha robo hivi. Kwenye chumba chenye dirisha dogo na mawingu nje, balbu moja inafanya kazi kubwa zaidi.

Lakini huhitaji kupaka nyumba nzima. Paka ukuta unaotazamana na dirisha, acha mingine na wekundu wake. Weka rafu ya mbao za paini, maana Njombe hazikosekani, tundika vikapu vya milulu vya Iringa, na sebule imekamilika. Jiko la kuni liache, moshi utamaliza weupe ndani ya wiki chache.

Na kumbuka, kupaka tofali ni rahisi kuliko kuondoa. Rangi ikishaingia kwenye vile vitundu, haitoki yote hata ukisugua. Kwa hiyo kabla ya kupanda gari kwenda kununua rangi Makambako au Njombe mjini, paka kona moja nyuma ya kabati, iache ipite msimu mmoja wa mvua. Ikivimba, umepoteza nusu lita. Isipovimba, endelea na ukuta wote.